UZI: Je, MRI ya katikati ya tiba inaweza kutabiri kama saratani ya shingo ya kizazi itaitikia mionzi?

#1 Mdadisi77
Wakuu, naleta hoja, mwenye ujuzi aipasue.

Wanawake wawili wanaanza tiba ya saratani ya shingo ya kizazi. Hatua ya ugonjwa ni ileile, tuseme IIB, yaani uvimbe umetoka pembeni ya shingo ya kizazi ila haujafika ukuta wa nyonga. Wote wanapigwa mionzi ya nje kwa wiki tano, wote wanatundikiwa dawa ya kemo iitwayo sisiplatini kila wiki, wote wanamalizia na mionzi ya ndani, ile ya kuwekewa kifaa cha mionzi ndani, karibu na uvimbe. Mmoja uvimbe unaisha kabisa. Mwingine unarudi palepale kabla ya miaka miwili kwisha. Kwenye mafaili yao ya mwanzo huoni tofauti yoyote.

Sasa nasoma kwamba MRI ikirudiwa wiki ya pili au ya tatu ya mionzi inaonyesha nani anaitikia na nani haitikii, hata kabla uvimbe haujapungua ukubwa. Kama ni kweli, kwa nini tunasubiri mpaka miezi mitatu baada ya tiba ndipo tuangalie? Hoja yangu: MRI ya katikati ya tiba iwe lazima kwa kila mgonjwa, na asiyeitikia abadilishiwe tiba hapohapo.

#2 Nahodha
Siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 Kipepeo
Swali kabla hamjaenda mbali. Mgonjwa tayari anachomwa mionzi kila siku. Ukimrudisha MRI katikati si unamwongezea mionzi mingine?

#4 Mpiga Picha wa Ndani
Kipepeo, hapana. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi ya kuharibu seli. Unayoifikiria ni CT.

Mdadisi, MRI si kipimo kimoja. Mgonjwa akilala kwenye mashine tunapiga aina kadhaa za picha, na kila aina ina swali lake.

Ya kwanza ni T2. Hii ni ya umbo. Nyama imara ya shingo ya kizazi inatoka nyeusi, uvimbe unatoka kijivu, kwa hiyo unaona umefika wapi, umevuka kwenda pembeni au bado, na ujazo wake ni kiasi gani.

Ya pili ni DWI, na ndiyo hiyo uliyoisoma. Inafuatilia molekuli za maji zinavyotangatanga ndani ya tishu. Penye seli nyingi zilizobanana, maji yanakwama kama mtu anayejaribu kupenya umati. Kutokana na picha hizo tunakokotoa namba inayoitwa ADC. Uvimbe ambao haujatibiwa mara nyingi unakaa karibu na 0.9 × 10⁻³ mm²/s, na shingo yenye afya huwa juu zaidi, 1.5 hivi. Mionzi ikiua seli, kuta zake zinapasuka, maji yanapata njia, namba inapanda. Hilo linatangulia kupungua kwa ujazo kwa sababu seli iliyokufa lazima mwili uiondoe kwanza, na kazi hiyo inachukua muda. Hapo ndipo penye mantiki ya hoja yako.

Ya tatu ni ya dawa ya gadolini. Inaingizwa kwenye mshipa huku tunapiga picha harakaharaka, tunaona damu inaufikia uvimbe kwa kasi gani na sehemu zipi haifiki vizuri.

Kwa hiyo mtu akisema "MRI imetabiri", muulize kwanza ni picha ipi kati ya hizo.

#5 Hesabu za Mionzi
Mpiga Picha kaeleza vizuri, ila mimi uzito wangu uko kwenye ile ya tatu. Nafanya kazi ya fizikia tiba.

Mionzi haiui seli kwa joto kama wengi wanavyodhani. Inakata DNA, sehemu kubwa kwa kupitia kemikali kali zinazozaliwa ndani ya maji ya seli. Oksijeni ikiwepo, jeraha lile linakuwa la kudumu. Isipokuwepo, seli ina nafasi ya kulirekebisha. Gray na wenzake walilieleza hili mwaka 1953, na kipimo tunachopimia dozi, grei, kimechukua jina lake. Seli isiyo na oksijeni inahitaji dozi kubwa mara 2.5 mpaka 3 ili iuawe sawasawa na yenye oksijeni.

Sasa turudi kwa wale wanawake wawili wa Mdadisi. Höckel na wenzake huko Ujerumani waliingiza elektrodi kwenye uvimbe wa shingo ya kizazi, wakapima oksijeni moja kwa moja. Mwaka 1996 walichapisha kwamba wanawake ambao kipimo chao cha kati kilikuwa chini ya 10 mmHg walikuwa na matokeo mabaya kuliko wenzao. Elektrodi ni sindano, si kila mgonjwa utamchoma. MRI ya gadolini inakuonyesha pale damu isipofika, bila kuchoma uvimbe. Nina Mayr na wenzake Marekani walianza kazi hiyo miaka ya 1990: walipiga MRI kabla, wakati na baada ya mionzi, wakaona kwamba uvimbe wenye sehemu nyingi zisizopata damu ndio uliosumbua baadaye.

Kwangu mimi ADC inapima matokeo. Damu na oksijeni zinapima sababu.

#6 Tabibu wa Nyonga
Hesabu, ongezea jambo moja kwenye kazi ya Höckel, maana linabadilisha maana yake. Katika wagonjwa wale kuna waliotibiwa kwa upasuaji na kuna waliotibiwa kwa mionzi. Wenye oksijeni ndogo walifanya vibaya katika makundi yote mawili. Kama shida ingekuwa tu mionzi kukosa nguvu mbele ya seli zisizo na oksijeni, waliopasuliwa wasingeathirika. Maana yake uvimbe uliokosa oksijeni ni mkali kwa asili, unapenya na kusambaa zaidi. Kwa hiyo unapoona sehemu zisizopata damu kwenye MRI, huenda unaona ukali wa ugonjwa wenyewe wala si ukinzani wake kwa mionzi.

#7 Hesabu za Mionzi
Tabibu, nakubali kwamba matokeo yalikuwa hivyo. Ila moja haliondoi lingine. Kemia ya oksijeni na mionzi haibadiliki kwa kuwa uvimbe pia una tabia ya kusambaa.

#8 Mama Subira
Asanteni kwa uzi huu. Mimi nimepita njia hiyo, nimemaliza tiba, naendelea na kliniki.

Nilipigwa MRI kabla ya kuanza, nikapigwa nyingine karibu na mionzi ya ndani. Ile ya pili ndiyo iliyonipa nguvu kwa sababu daktari aliniwekea picha mbili kwenye kompyuta, ya mwanzo na ya sasa, akaninyooshea kidole. Hata mimi nisiye na taaluma niliona.

Mdadisi, nakuuliza kwa upole. Ingekuwa wiki ya tatu, natapika sisiplatini, naharisha, nimechoka mpaka kutembea shida, halafu mtu aje aniambie "picha inaonyesha huitikii", unadhani ningerudi kesho yake? Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tunasubiri naye foleni alikatisha tiba kwa maneno madogo kuliko hayo. Kabla hamjaifanya lazima, semeni kwanza mtamwambia nini mgonjwa.

#9 Mdadisi77
Mama Subira, pole na hongera. Hilo la nini mgonjwa ataambiwa nimelichukua. Lakini kutompima ili asisikie habari mbaya nako si jibu, maana habari itakuja tu baadaye, na nafasi ya kufanya kitu imekwisha.

#10 Nesi wa Zamu
Namuunga mkono Mama Subira kwa asilimia zote. Watu wanahesabu dozi, hawahesabu siku mgonjwa alizokosa kuja. Tiba nzima, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki nane. Naona wagonjwa wanafika wiki ya kumi: mashine imeharibika, nauli imeisha, damu imeshuka, mtoto anaumwa. Hapo hata MRI ikuambie uvimbe unaitikia, seli zilizobaki zimeshapata muda wa kuzaliana upya.

#11 Tabibu wa Nyonga
Nesi amegusa penyewe. Kuna namba za kuthibitisha. Wazungu wa GEC-ESTRO, kundi la Ulaya la wataalamu wa mionzi ya ndani, walikusanya takwimu za vituo vingi vilivyotumia mionzi ya ndani inayoongozwa na picha, na uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuchelewesha tiba kwa wiki moja kunagharimu sawa na kupoteza grei 5 kwenye eneo la uvimbe. Grei 5 ni nyingi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na hoja ya #1. Mnaizungumzia MRI kama mtabiri, mtu wa kusoma bahati ya mgonjwa. Mimi naiona kama chombo cha kazi. Tangu mapendekezo ya GEC-ESTRO ya 2005 na 2006, MRI ya wakati wa mionzi ya ndani inatumika kuchora uvimbe uliobaki siku ileile, kifaa kikiwa ndani ya mgonjwa, ndipo dozi inapangwa kufuata umbo hilo. Ukibaki uvimbe upande mmoja, unaongeza sindano za kupitishia mionzi upande huo. Utafiti wa EMBRACE-I ulioanza 2008 ulikuwa na wagonjwa 1,341, na baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa kwenye eneo lake kwa asilimia 92.

Kwa hiyo "asiyeitikia" mara nyingi ni mtu aliyebakiwa na uvimbe mkubwa unaohitaji dozi ifike pote. Akiipata, anapona kama mwenzake.

#12 Nahodha
Tabibu naye kila uzi lazima aingize sindano 😄 Ila hapo kwenye 92 amenyamazisha watu.

#13 Kaka Mzoefu
Hajaninyamazisha mimi. Hizo ni takwimu za vituo vyenye MRI mlangoni. Sehemu nyingi duniani mionzi ya ndani inapangwa kwa eksirei au CT, na kwingine haipo kabisa.

Halafu mmesahau hemoglobini. Mgonjwa wa ugonjwa huu anavuja damu miezi kabla hajafika hospitali. Anakuja na hemoglobini 7. Mnatafuta oksijeni ndani ya uvimbe kwa mashine ghali wakati kipimo cha damu cha kawaida kinawaambia. Mwongezeeni damu, oksijeni itafika, mionzi itafanya kazi.

#14 Hesabu za Mionzi
Kaka, ingekuwa nyepesi hivyo tungeshamaliza. Ni kweli wenye damu pungufu wanafanya vibaya zaidi, hilo limeonekana mara nyingi. Ila damu pungufu inaweza kuwa dalili ya uvimbe mkubwa unaovuja, si chanzo cha ukinzani. Walijaribu kupandisha hemoglobini kwa homoni ya eritropoetini wakati wa mionzi, jaribio kubwa la Marekani likafungwa mapema kwa hofu ya damu kuganda kwenye mishipa. Na ndani ya uvimbe mishipa yenyewe imekaa ovyo: mingine imeziba, mingine inafunga na kufungua. Damu inaweza kuwa nzuri mkononi na isifike katikati ya uvimbe wa sentimita sita. Ndiyo maana nasisitiza kuuangalia uvimbe wenyewe.

#15 Kaka Mzoefu
Sijasema eritropoetini, nimesema damu. Mgonjwa mwenye 7 akipanda kufika 10 anapata hata nguvu ya kumaliza tiba bila kukosa siku, na Nesi ameshasema siku zinahesabika.

#16 Nesi wa Zamu
👏

#17 Chipukizi wa Kodi
Samahanini, mnajadili ADC na gadolini kana kwamba ni 1996. Akili mnemba imeshafika. Unachukua MRI ya kabla ya tiba, programu inatoa mamia ya vipimo ambavyo jicho halioni: jinsi uvimbe ulivyo na mabaka, kingo zake, mpangilio wa weusi na weupe. Unafundisha modeli, inakuambia kabla hata ya mionzi ya kwanza nani ataitikia. Inaitwa radiomiki. Nimeona makala yenye usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Hakuna haja ya MRI ya katikati.

#18 Mchambuzi Data
Chipukizi, kaa hapo hapo.

Tabibu ametoa namba: asilimia 92 wanadhibitiwa. Chukua wagonjwa 100 wa kituo kizuri. Waliorudiwa na ugonjwa palepale ni kama 8. Sasa nikiandika programu ya mstari mmoja inayosema "huyu atapona" kwa kila mtu bila kuangalia picha yoyote, nina usahihi wa asilimia 92. Nimeipita makala yako.

Swali la kweli ni hili: kati ya wale 8, modeli imewakamata wangapi? Na ukiwa na matukio 8 na vipimo mia kadhaa, kompyuta haitakosa kipimo fulani kinachowatenga wale wanane kwa bahati tu. Peleka modeli hiyo kwenye hospitali nyingine yenye mashine nyingine, inaanguka. Mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 na ya tesla 3 hazitoi mabaka sawa, hata programu mbili zilikuwa zinakokotoa kitu chenye jina moja kwa njia tofauti. Ndiyo maana mwaka 2020 kundi la kimataifa lilichapisha ufafanuzi sanifu wa vipimo 169 ili watu waanze kuzungumza lugha moja.

Sisemi radiomiki haina kitu. Ukisoma makala yake angalia mambo mawili tu: walijaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine? Na je, modeli inaongeza chochote juu ya ujazo wa uvimbe na hatua ya ugonjwa? Mara nyingi vile vipimo vyote vya ajabu vinapima ukubwa wa uvimbe kwa mlango wa nyuma.

#19 Chipukizi wa Kodi
Hilo la 92 nimelielewa. Ila wagonjwa wa vituo vingi wakiunganishwa, matukio yataongezeka. Tatizo ni takwimu kutunzwa kila mtu kwake.

#20 Mchambuzi Data
Hapo tuko pamoja.

#21 Mzee wa Faili
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mdadisi kwenye #1 anasema "hatua ni ileile". Hatua siku hizi si ileile ya zamani. Miaka mingi ilipangwa kwa vidole vya daktari na vipimo vya msingi kwa sababu ugonjwa uko zaidi nchi zisizo na mashine. Mwaka 2018 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake linalopanga hatua hizo, waliruhusu picha na majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa vitumike. Mwanamke mwenye mitoki ya nyonga iliyoonekana kwenye MRI sasa ni IIIC1, hata kama uvimbe wenyewe ungekuwa IIB. Kwa hiyo wale wanawake wako wawili huenda hawakuwa sawa tangu mwanzo. Mmoja alikuwa na mitoki.

#22 Mdadisi77
Shukrani Mzee. Tuseme basi wote hawana mitoki. Swali bado liko.

#23 Tabibu wa Nyonga
Mzee wa Faili amenifungulia mlango wa jambo ambalo naona hamlitaki. EMBRACE-I ile ile: udhibiti wa eneo asilimia 92, lakini waliokuwa hai baada ya miaka mitano ni asilimia 74. Wengi walioondoka, uvimbe wa shingo ya kizazi ulikuwa umeisha. Ugonjwa ulijitokeza kwenye mitoki ya juu, mapafu, ini, mifupa. MRI yako ya wiki ya tatu iliyolenga shingo ya kizazi ingewaambia hao kwamba wanaitikia vizuri sana.

#24 Mama Subira
Tabibu hilo linatisha kulisoma, ila nakushukuru kwa kulisema wazi.

#25 Hesabu za Mionzi
Tabibu, hapo ulipofika unaimaliza hoja yako mwenyewe ya #6. Ulisema uvimbe usio na oksijeni ni mkali na unasambaa. Basi MRI inayoonyesha ukosefu wa oksijeni inatabiri kusambaa, si kuitikia tu. Hiyo ni sababu ya kuipiga, si ya kuiacha. Anayeonekana hivyo ndiye apewe dawa ya mwili mzima zaidi.

#26 Tabibu wa Nyonga
Ingekuwa kuna jaribio lililowachagua wagonjwa kwa njia hiyo ningekufuata. Dawa zimeongezeka kweli. Jaribio la INTERLACE lililochapishwa 2024 lilitanguliza wiki sita za dawa za kemo, kaboplatini na paklitaxeli, kabla ya mionzi, waliokuwa hai baada ya miaka mitano wakawa asilimia 80 dhidi ya 72. Mwaka huohuo pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ikiongezwa kwenye kemo na mionzi ilipandisha waliokuwa hai miaka mitatu kutoka karibu asilimia 75 hadi karibu 83. Wote hao walichaguliwa kwa hatua na mitoki. Hakuna aliyechaguliwa kwa ADC wala kwa gadolini. Mgonjwa akiuliza kwa nini amepewa dawa yenye madhara, nataka nimjibu kwa jaribio lililofanyika.

#27 Kipepeo
Kwani PET-CT si ndiyo inayoangalia mwili mzima? Mbona mnang'ang'ania MRI?

#28 Mpiga Picha wa Ndani
Inaangalia, kwa kumchoma mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo inayokusanyika penye saratani, na ina rekodi nzuri. Mwaka 2007 walichapisha kazi ya wanawake 92 waliopigwa PET miezi mitatu baada ya tiba. Ambao hawakuonyesha chochote, asilimia 78 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi. Walioonyesha mabaki, 33. Walioonyesha sehemu mpya, sifuri. Lakini hiyo ni baada ya tiba kwisha. Na PET ina mionzi, kwa hiyo hofu yako ya #3 inafaa huko.

Kuhusu kusubiri miezi mitatu, Mdadisi, si uvivu. Mara baada ya mionzi nyama imevimba, ina maji, inang'aa kwenye T2, unaweza kudhani ni uvimbe kumbe ni jeraha linapona. Wapo waliopasuliwa bure kwa picha iliyopigwa mapema mno.

Na DWI nayo ina vituko. Hewa iliyojaa kwenye utumbo mpana karibu na shingo ya kizazi inapinda picha yote. Kinyama kilichochukuliwa karibuni kinaacha damu inayovuruga. Uvimbe ambao katikati yake umeoza tangu mwanzo unatoa ADC kubwa kabla ya tiba, na hiyo si habari njema, ni alama ya sehemu iliyokufa kwa kukosa damu. Ndiyo maana makala za ADC ya kabla ya tiba zinagongana: moja inasema namba ndogo ni mbaya, nyingine inasema kubwa ndiyo mbaya. Mabadiliko ya ADC kwa mgonjwa yuleyule yana mantiki zaidi kuliko namba ya siku moja.

#29 Nahodha
Hiyo ya hewa ya utumbo nimeicheka ila nimejifunza. Kwa hiyo mgonjwa asile maharage siku hiyo?

#30 Mpiga Picha wa Ndani
Nahodha 😄 Fuata maelekezo ya kituo chako. Wengine wanaagiza kufunga saa chache, wengi wanachoma dawa ya kutuliza utumbo kabla ya picha. Na sema mapema kama una kifaa cha moyo, chuma mwilini au ugonjwa wa figo. Sisiplatini nayo inaumiza figo, kwa hiyo kabla ya gadolini tunaangalia majibu ya damu.

#31 Mama Subira
Na kelele je! Hakuna aliyeniandaa kwa zile kelele. Waambieni wagonjwa waombe vizibo vya masikio.

#32 Dada Mkweli
Niulize la kinga kidogo. Karibu saratani hizi zote zinatokana na virusi vya HPV na chanjo ipo. Mwaka 2022 peke yake wanawake kama 350,000 walikufa duniani. Nguvu hizi za kutabiri zingeenda kwenye chanjo na uchunguzi wa mapema si afadhali?

#33 Nesi wa Zamu
Dada, chanjo ni ya binti aliyeko shuleni. Aliyelala wodini leo anahitaji mionzi yake imalizike. Usituchagulie kati ya hao wawili.

#34 Mzee wa Faili
Mimi naona mmeiacha njia rahisi kuliko zote. Ujazo. Kazi za Mayr zilizotajwa #5 zilipima hilo pia: mwishoni mwa mionzi ya nje, kilichobaki kikiwa chini ya asilimia 20 ya uvimbe wa mwanzo, matokeo yalikuwa mazuri, kikizidi hapo, wasiwasi. Hiyo haihitaji ADC, gadolini wala akili mnemba. T2 mbili na mtu mwenye subira ya kuchora mipaka.

#35 Tabibu wa Nyonga
Ni kweli, na mimi naitegemea kila siku. Kumbuka tu nyingi ya kazi hizo ni za kabla ya mionzi ya ndani kuanza kufuata picha. Anayebakiwa na asilimia 30 leo anaweza kupewa dozi ambayo wakati ule isingewezekana bila kuchoma kibofu na njia ya haja kubwa.

#36 Mdadisi77
Basi niwape mfano mmoja, kila mtu ajibu kwa upande wake. Mgonjwa yuko wiki ya tatu. Hajakosa siku hata moja, hemoglobini 11. Ujazo umepungua nusu. Lakini ADC haijapanda, iko palepale ilipoanzia. Mnafanya nini?

#37 Tabibu wa Nyonga
Naendelea na tiba ileile. Naandaa mionzi ya ndani mapema, nahakikisha sindano zipo, na picha ya siku hiyo ndiyo itakayoniongoza. Simwambii mgonjwa kwamba haitikii, kwa sababu ujazo unasema anaitikia.

#38 Hesabu za Mionzi
Mimi ningeomba picha ya gadolini kama figo zinaruhusu, nione kilichobaki kinapata damu au la. Nusu iliyoondoka ni ile iliyokuwa rahisi. Kilichobaki na seli zake bado zimebanana ndicho kinachonipa wasiwasi, na huyo ningemwekea alama ya kufuatiliwa kwa karibu zaidi baada ya tiba.

#39 Kaka Mzoefu
Hemoglobini 11, hajakosa siku. Mwacheni amalize.

#40 Mchambuzi Data
Kabla sijajibu: picha mbili zilipigwa kwenye mashine moja? Kwa mipangilio ileile ya DWI? Na aliyechora eneo la kupima alizunguka uvimbe wote au alichagua kipande kilichokuwa cheusi zaidi? Uvimbe ukipungua nusu, duara la mara ya pili linaweza kuwa limebeba nyama nyingine kabisa. Leteni hayo ndipo tuseme ADC haijapanda.